Hospitali ya Mathari na Madai juu ya Akili ya Mwafrika

Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910 ikiwa nyumba ya kuwaweka watu walioitwa vichaa, katika majengo yaliyokuwa yametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa ulinzi kuliko tiba. Wagonjwa walitengwa kwa rangi, na Mwafrika aliyelazwa humo mara nyingi alifikishwa na polisi au na watawala wa wilaya baada ya kuonekana kuwa hatari kwa wenzake.

Mwaka 1938 hospitali hiyo ilikabidhiwa kwa J. C. Carothers, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye wakati huo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Fani hiyo aliisomea Uingereza baadaye. Kwa kutegemea kumbukumbu za waliolazwa Mathari, alidai kwamba sonona, yaani huzuni nzito isiyokoma ambayo humwondolea mtu usingizi, hamu ya chakula na pengine hata hamu ya kuishi, ni ugonjwa adimu kwa Waafrika. Shirika la Afya Duniani lilichapisha maoni yake mwaka 1953, yakiwemo yale yaliyomfananisha Mwafrika na Mzungu aliyefanyiwa lobotomia, upasuaji wa kukata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapa ripoti ya Carothers juu ya uasi wa Mau Mau nchini Kenya, ambayo iliyatazama mapambano ya watu walionyang'anywa ardhi kama tatizo la nafsi zao. Hapo ndipo ubaya wa elimu hiyo ulipodhihirika, kwa maana udaktari ulikuwa umegeuzwa kuwa hoja ya utawala.

Kasoro ya msingi ilikuwa katika namna wagonjwa walivyopatikana. Mtu mwenye sonona hapigi watu wala hachomi nyumba. Hujifungia ndani, hulalamika kichwa na moyo kwenda mbio, huliacha shamba lake liote magugu, na jamaa zake humpeleka kwa mganga wakihisi amerogwa. Mtu wa namna hiyo hakuwa na sababu ya kukamatwa, hivyo hakufika Mathari, na asiyefika Mathari hakuhesabiwa.

Jibu lililokuwa na uzito zaidi lilitoka Nigeria. Thomas Adeoye Lambo, aliyesomea udaktari Birmingham, alirudi kwao Abeokuta mwaka 1954 kuongoza hospitali ya Aro, na badala ya kuwarundika wagonjwa wodini aliwapangishia makao katika vijiji vya jirani. Kila mgonjwa alifuatana na ndugu wa kumpikia na kumfulia, akaenda hospitalini kutibiwa na kurejea kijijini siku hiyohiyo, huku waganga wa jadi wakishirikishwa katika kazi ya madaktari. Utafiti alioufanya Lambo pamoja na wataalamu wa Marekani katika jamii ya Wayoruba, uliochapishwa mwaka 1963, uliikuta sonona ikiwa imeenea vijijini, kwa kuwa safari hii watafiti waliwafuata watu majumbani. Mwaka huohuo akawa profesa Ibadan, na baadaye naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, shirika lilelile lililokuwa limempa Carothers jukwaa.

Afrika Mashariki nayo ilipata ushahidi wake. Watafiti waliowahoji wakazi wa vijiji viwili vya Uganda, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1979, waliona kwamba sonona ilikuwa nyingi huko kuliko miongoni mwa wanawake wa mtaa mmoja wa London waliolinganishwa nao. Kufikia wakati huo Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kitivo cha udaktari, kilichoanzishwa mwaka 1967, na Mathari, ambako zamani daktari aliyeanza kazi bila mafunzo ya magonjwa ya akili alitoa hukumu juu ya bara zima, pamekuwa mahali ambapo Wakenya wenyewe hujifunza kuwatibu wagonjwa wa akili.