Nyuki Akikudunga Nyeri, Jua Ameita Mbogi Yake kwa Harufu ya Ndizi

Kama umewahi kupita karibu na mzinga kule Kieni ama Naro Moru na nyuki mmoja akakudunga, unajua vile stori huenda: kabla hujapangusa, wenzake kumi wako juu yako. Wasee wengi hudhani ni hasira tu. Zii! Umewekwa alama.

Nyuki hapigi nduru, anatumia harufu. Mwiba wake una vimeno kama vya ndoana, so unakwama kwa ngozi yako pamoja na kifuko cha sumu, na nyuki mwenyewe anakufa. Hapo kwa mwiba hutoka kemikali kadhaa, kubwa yao ikiitwa isoamili asetati. Ni hiyo hiyo huchangia harufu ya ndizi mbivu. Walinzi wa mzinga wakiinusa, mbogi inatoka na kulenga palepale inaponukia. Ukimponda mwingine kwa kofi, umeongeza mwito. Harufu za kupeana ujumbe hivi huitwa feromoni.

Ndiyo maana wafugaji hufungua mzinga wakiwa na moshi. Moshi hufunika harufu ya hatari, ujumbe haufiki. Pia nyuki hujaza tumbo asali kama wanaotaka kuhama moto, na hapo wanapoa. Na usiende kurina asali ukitafuna ndizi, manze!

Harufu hii inaweza kusaidia hata wakulima wanaolia na ndovu kutoka msitu wa Mlima Kenya, kwa sababu ndovu huogopa nyuki vibaya. Mwaka wa 2018, watafiti walitoa matokeo ya jaribio Afrika Kusini: walipaka soksi mchanganyiko wa feromoni hizo na kuziweka karibu na maji. Ndovu wengi waliokaribia walinusa, wakarudi nyuma polepole, bila nyuki hata mmoja.

Sasa ukidungwa, usirushe mikono. Funika uso, hepa moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba ama gari. Usiruke kwa mto, watakungoja utoke. Ukiwa salama, kwangua mwiba chapchap kwa kucha, kwa sababu kile kifuko bado kinasukuma sumu, kisha osha hapo na sabuni. Ukianza kukosa pumzi, kufura uso ama kizunguzungu, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi.