Mkono wa Kaisari

Tuliopita sekondari tulikaririshwa Maji Maji, 1905 hadi 1907, na Kaisari aliyetutawala akiwa Berlin, Wilhelm II. Mwalimu hakutuambia kwamba bwana huyo alikuwa na mkono wa kushoto uliopooza, mfupi kuliko wa kulia kwa kama sentimita 15. Tafuta picha zake uone. Mkono huo ama umeegemezwa kwenye upanga, ama umeshikishwa glavu, ama umefichwa.

Yote yalianzia leba, Berlin, Januari 27, 1859. Mama yake, binti wa Malkia Victoria wa Uingereza, alikuwa na miaka 18 na hiyo ndiyo mimba yake ya kwanza. Mtoto akatanguliza makalio. Barua ya kumwita Daktari Eduard Martin ilitumwa kwa posta ya kawaida, ikachelewa (ikulu nzima, jamani!). Mama akapewa klorofomu. Mkono wa mtoto ulikuwa umepanda juu ya kichwa, daktari akauvuta ili kuwahi maisha yake. Mtoto akatoka hapumui, ikabidi apigwepigwe ndipo alie. Siku chache baadaye wakagundua mkono umelegea.

Kilichoumia ni neva zinazotoka shingoni kupitia begani. Mfupa wa mtulinga ukivunjika wakati wa kuzaliwa huunga haraka, lakini neva zina mambo yake. Daktari Mjerumani, Wilhelm Erb, alikuja kueleza vizuri kupooza kwa aina hii mwaka 1874, Wilhelm akiwa na miaka 15. Siku hizi mtoto hufanyishwa mazoezi ya viungo, wengi hupona ndani ya miezi, wachache hupasuliwa.

Wilhelm je? Alifungwa mkono ndani ya mwili wa sungura aliyechinjwa punde, eti joto lake limpe nguvu. Akapigwa shoti za umeme. Mkono mzima ukafungwa kiunoni ili ule mbovu ulazimike kufanya kazi. Akavalishwa na mtambo wa kunyoosha shingo. Naye mama, katika barua zake, hakuacha kuuhuzunikia mkono ule.

Wapo wanahistoria wanaosema mkono huo ndio ulioleta vita ya 1914. Mimi sikubali. Watoto wangapi wamezaliwa hivyo na hawajamchokoza mtu? Waliomtesa kwa kuuonea aibu mkono wake siwaachii. Lakini amri alizotoa ukubwani ni zake. Aliposhindwa vita mwaka 1918 alikimbilia Uholanzi, na huko akawa anashinda akipasua kuni, kwa mkono wa kulia.