Korija ya nini?

Kwa Kiingereza cha leo, score ni bao la mpira, ni alama za mtihani, ni hata maandishi ya muziki. Mimi nimelielewa vizuri zaidi kupitia neno la kwetu Kibiti: korija.

Asili ya score ni skor ya watu wa Skandinavia wa kale, yaani chale iliyokatwa kwa kisu kwenye mti. Inaaminika kwamba waliohesabu mifugo walikata chale moja kila walipofika ishirini, ndipo chale ikawa ishirini. Abraham Lincoln, akihutubia Gettysburg mwaka 1863, miaka 87 aliitaja kuwa score nne na saba. Vilabuni nako madeni ya wanywaji yalikatiwa chale, score ikawa deni. Mabao yalifuata baadaye.

Hazina ya Uingereza nayo iliweka hesabu kwa vijiti. Kijiti kilikatwa chale, kikapasuliwa, kila upande ukashika nusu yake ili asidhulumiwe mtu. Mwaka 1834 vijiti vya zamani vilichomwa, na moto wake ukateketeza Bunge.

Korija pia ni ishirini. Ni neno la wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Wareno wa karne ya 16 waliliandika corja. Katika delta ya Rufiji lilihesabu mikoko: korija ya fito, ya pau, ya boriti, ya nguzo. Mwaka 1939 baharia Mwaustralia, Alan Villiers, aliingia humo na jahazi la Kuwait lililofuata boriti. Huko Ghuba zilibeba dari, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti.

Waingereza walikata mti wahesabu vitu vingine. Kwetu kilichohesabiwa ni mti wenyewe. Lakini korija ilitaja zilizoingia jahazini, si zilizobaki matopeni. Nusu ya pili ya kijiti haikuwa na mshikaji. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko. Katazo lilihesabu miti. Mkataji, ambaye korija ndiyo iliyomnunulia unga, hakuhesabiwa.

Ukisikia score leo, unauliza nani kashinda. Ukisikia korija, huna budi kuuliza: ya nini? Nadhani swali letu ndilo gumu zaidi.