Mzunguko wa Spa-Francorchamps: Barabara ya Mashindano Iliyovuka Mpaka wa Zamani

Kabla ya vita vya 1914, msafiri aliyetoka kijiji cha Francorchamps, mashariki mwa Ubelgiji, akielekea mji wa Malmedy, aliteremka mpaka kwenye bonde jembamba ambamo hupita kijito kiitwacho Eau Rouge, yaani Maji Mekundu. Rangi hiyo hutokana na chuma kilichomo ndani ya maji, chuma kile kile kilichozipa sifa chemchemi za mji wa jirani wa Spa. Kijito chenyewe ni kidogo, mtu mzima aweza kukiruka. Hata hivyo kilitenganisha dola mbili: upande mmoja Ufalme wa Ubelgiji, upande wa pili Prusia, na baadaye Dola ya Ujerumani. Msafiri alipofika bondeni alisimamishwa na watu wa forodha. Nyumba yao ilikuwa karibu na kona ya barabara, na kona hiyo ikabaki na jina la Ancienne Douane, Forodha ya Zamani, muda mrefu baada ya maofisa kuondoka.

Wapenzi wa magari duniani kote wanaijua sehemu hiyo kwa sababu nyingine. Ndipo unapopita mzunguko wa mashindano wa Spa-Francorchamps, na mabingwa wengi wameutaja kuwa mzuri kuliko yote. Vitabu vya michezo vimesimulia mengi juu ya washindi na mwendo wao. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba mzunguko huu usingeweza kuwapo kabla ya 1920. Umbo lake la pembetatu, Francorchamps, Malmedy na Stavelot, lilihitaji kwanza mpaka uondolewe. Na mpaka huo uliondolewa kwa mkataba ule ule uliobadilisha pia ramani ya Afrika ya Kati.

Malmedy ulikuwa mji wa watu waliosema Kiwaloni na Kifaransa, lakini Mkutano wa Vienna wa 1815 uliutia mikononi mwa mfalme wa Prusia. Stavelot, jirani yake, ambao kwa karne nyingi ulikuwa pamoja nao chini ya abasia moja, ulibaki upande wa pili. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliipa Ubelgiji wilaya za Eupen na Malmedy. Wenyeji waliambiwa kwamba wanaweza kutoa maoni yao. Namna ya kuyatoa yastahili kuangaliwa: hapakuwa na kura ya siri. Mtu asiyeridhika alitakiwa kwenda mwenyewe, katika mwaka wa 1920, kuandika jina lake katika daftari mbele ya maofisa wa utawala mpya wa Kibelgiji, huku wengi wakihofia kufukuzwa au kupoteza kadi zao za chakula. Kati ya watu zaidi ya 33,000 waliokuwa na haki hiyo, walioandika majina yao ni 271 tu. Shirikisho la Mataifa likaridhika. Jenerali Herman Baltia akawekwa kuwa Kamishna Mkuu, mwenye mamlaka ya kutunga sheria na kuzitekeleza pia. Waziri Mkuu Léon Delacroix alimweleza kwamba atakuwa mfano wa gavana wa koloni anayewasiliana moja kwa moja na serikali ya nyumbani.

Ulinganisho huo si wa bahati. Kwa mkataba huo huo Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake, na Ubelgiji, ambayo askari wake wa Force Publique walikuwa wamefika hadi Tabora mwaka 1916, ikakabidhiwa Ruanda-Urundi. Mwaka 1925 sheria ya Ubelgiji iliunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala. Mwaka huo huo utawala wa Baltia ulikoma na wilaya za Eupen na Malmedy zikaingizwa kabisa katika ufalme. Tofauti ni kubwa, bila shaka: watu wa Malmedy walipata haki za raia, wale wa Kigali na Usumbura hawakupata. Lakini mkono uliochora mistari ulikuwa mmoja.

Ndani ya hali hiyo, mwaka 1920, Jules de Thier, mkuu wa gazeti La Meuse la Liège, alikutana huko Francorchamps na Henri Langlois van Ophem wa Klabu ya Kifalme ya Magari ya Ubelgiji. De Thier alitaka mashindano yatakayolitangaza gazeti lake. Walitazama ramani na kuona barabara tatu za umma zinazokutana na kufanya pembetatu ya karibu kilomita 15. Hawakujenga kitu. Walichukua njia za wakulima na wachuuzi, zenye nyumba, miti na nguzo za simu kandokando, wakaomba zifungwe siku ya mashindano. Mashindano ya kwanza ya magari yaliyopangwa kwa Agosti 1921 yalishindikana kwa kuwa alijiandikisha dereva mmoja tu; wenye pikipiki ndio waliouzindua mzunguko. Magari yalishindana mwaka 1922. Mwaka 1924 yakaanza mashindano ya saa 24, na mwaka 1925 Grand Prix ya kwanza, ambayo Antonio Ascari aliishinda kwa gari la Alfa Romeo.

Ili kuelewa yaliyofuata, inafaa kuifuata njia yenyewe kama ilivyokuwa. Mbio huenda kwa mwelekeo wa mkono wa saa. Karibu na kijiji cha Francorchamps ipo kona kali ya La Source, ambayo karibu inamgeuza dereva arudi alikotoka. Kutoka hapo barabara inateremka moja kwa moja hadi kwenye daraja la Eau Rouge. Zamani dereva, akiisha kuvuka kijito, aliendelea kushoto hadi Ancienne Douane, akageuka polepole na kupanda. Mwaka 1939 waandalizi waliikata kona hiyo kwa kujenga kipande kipya kinachopanda kilima bila kuzunguka. Kikaitwa Raidillon, yaani mwinuko mfupi mkali. Watu wengi leo huita sehemu yote Eau Rouge, na hilo ni kosa: Eau Rouge ni kona ya chini darajani, Raidillon ni mpando unaofuata. Juu ya kilima unaanza mnyoosho wa Kemmel hadi Les Combes. Hapo njia ya zamani ilielekea kushoto, ikashuka kwa kona ndefu ya Burnenville hadi Malmedy, kisha ikashika uwanda wa Masta. Katikati ya mnyoosho wa Masta, mahali palipokuwa na nyumba za watu, barabara ilipinda kushoto na mara moja kulia, na dereva hodari alipapita bila kupunguza mwendo. Mbele yake Stavelot, halafu mpando mrefu ndani ya msitu kupitia Blanchimont mpaka La Source tena. Kadiri miaka ilivyopita waandalizi walizidi kuzilainisha kona. Ilipofika 1950 mzunguko ulikuwa wa kilomita 14.1, na kona kali ya mjini Stavelot ilikuwa imeachwa kwa ajili ya tao pana.

Yaani kila marekebisho yalifanywa kwa shabaha moja, kuongeza mwendo. Wabelgiji walitaka mzunguko wao uwe wa kasi kuliko mingine ya Ulaya, na walifaulu. Miti, kuta na nguzo zikabaki pale pale.

Juni 1939 Mwingereza Richard Seaman, aliyekuwa dereva wa timu ya Kijerumani ya Mercedes, aliongoza mbio katika mvua. Karibu na La Source aliteleza, akagonga mti, gari likawaka moto. Alifariki usiku huo. Hitler alituma shada la maua kwenye mazishi London, na miezi miwili na siku chache baadaye nchi hizo mbili zilikuwa vitani. Mwezi Mei 1940 Ujerumani iliichukua tena Malmedy kuwa ardhi yake, na mpaka ukarudi kwenye kijito. Desemba 1944, majeshi ya Kijerumani yaliposhambulia kwa mara ya mwisho katika Ardennes, askari wa SS waliwaua mateka wa Kimarekani 84 huko Baugnez, karibu na Malmedy, kisha wakaua raia wengi wa Stavelot na vijiji vyake. Barabara itokayo Stavelot kwenda Francorchamps, ambayo ni upande mmoja wa mzunguko, ilikuwa na ghala kubwa la mafuta ya Wamarekani. Petroli ilimwagwa na kuwashwa ili kuzuia vifaru visipite. Mwaka 1947 magari ya mashindano yalirudi.

Kipindi cha 1950 hadi 1970 ndicho kilichojenga sifa na pia hofu ya Spa. Hali ya hewa ya Ardennes ilizidisha hatari: kwenye mzunguko mrefu namna ile mvua yaweza kunyesha Malmedy wakati Francorchamps kuna jua, na dereva huikuta ghafla. Mwaka 1960 Stirling Moss na Mike Taylor waliumia vibaya katika mazoezi, na siku ya mbio Chris Bristow na Alan Stacey walikufa kila mmoja kwa ajali yake. Mskoti Jim Clark alikuwa katika mbio hizo. Aliuchukia mzunguko huu maisha yake yote, na hata hivyo aliushinda mara nne mfululizo, 1962 hadi 1965. Hakuna mfano ulio bora zaidi wa kuonyesha kwamba umahiri na mapenzi si kitu kimoja.

Mabadiliko yalitokana na ajali ambayo haikuua mtu. Mwaka 1966, katika duru ya kwanza, kundi lote liliikuta mvua kubwa upande wa pili wa mzunguko. Jackie Stewart aliacha njia katika kona ya Masta na kusimama karibu na jengo la shamba, amebanwa ndani ya gari lake la BRM huku petroli ikimvujia mwilini. Hapakuwa na mwokoaji wala vifaa. Waliomtoa ni madereva wenzake, Graham Hill na Bob Bondurant, ambao nao walikuwa wameteleza mahali hapo. Ilibidi spana iazimwe kwa mtazamaji ili usukani ufunguliwe. Ilichukua karibu dakika 25. Tangu hapo Stewart alianza kudai kingo za chuma, waganga, wazima moto na mikanda ya usalama. Alidharauliwa na baadhi ya waandishi na waandalizi, walioona kwamba anaua uzuri wa mchezo. Mwaka 1969 madereva walikataa kwenda Spa na mbio zikafutwa. Zikafanyika tena 1970, baada ya kingo kuwekwa na kona bandia ya kupunguza mwendo kujengwa Malmedy. Pedro Rodríguez alishinda kwa mwendo wa wastani wa kiasi cha kilomita 241 kwa saa. Hiyo ilikuwa Grand Prix ya mwisho ya Formula 1 katika mzunguko wa zamani.

Magari ya aina nyingine na pikipiki ziliendelea. Mwaka 1973 Henri Pescarolo, kwa gari la Matra, aliumaliza mzunguko mmoja kwa wastani wa kilomita 262 kwa saa, na mwaka 1977 Barry Sheene alishinda mbio za pikipiki kwa wastani wa 217. Takwimu hizo ni za barabara ambayo siku iliyofuata ilipitiwa na malori ya maziwa.

Grand Prix ya Ubelgiji ilihamia kwanza Nivelles, upande wa Wawaloni, na Zolder, upande wa Waflamandi, kwa zamu. Hata mchezo, katika nchi hiyo, haukuepuka mizani ya lugha. Nivelles ilitumika mara mbili tu, 1972 na 1974. Zolder ikabaki peke yake kwa miaka kadhaa.

Suluhisho la Spa lilipatikana 1979. Upande wa Malmedy na Masta uliachwa. Kutoka Les Combes njia mpya ilielekezwa kulia badala ya kushoto, ikateremka ndani ya bonde kupitia Rivage na Pouhon, kisha ikaungana na barabara ya zamani kabla ya Blanchimont. Urefu ukawa kiasi cha kilomita 7, nusu ya ule wa zamani. Mwanzo haukuwa mwema: lami mpya iliteleza mno, na mwaka huo huo wa 1979 waendesha pikipiki maarufu, akiwemo Kenny Roberts, walikataa kushindana. Formula 1 ilirudi 1983, Alain Prost akashinda. Mwaka 1985 lami iliyotandikwa upya ilibanduka kwa joto siku za mazoezi, na mbio zikaahirishwa kutoka Juni hadi Septemba, ambapo Ayrton Senna alishinda.

Hatari haikuisha kwa kufupishwa njia. Stefan Bellof alikufa Eau Rouge mwaka 1985, Anthoine Hubert karibu na Raidillon mwaka 2019, na Dilano van 't Hoff mwaka 2023 katika mvua kwenye mnyoosho wa Kemmel. Matengenezo yaliyomalizika 2022 yaliongeza nafasi ya wazi kandokando ya Raidillon, ili gari lililogonga lisirudishwe barabarani mbele ya wengine.

Sehemu iliyobaki ya mzunguko wa kwanza iliendelea kuwa barabara ya umma hadi karibu na mwaka 2000, ilipojengwa njia ya kupitia nje. Kabla ya hapo kona iliyoitwa Bus Stop ilikuwa kweli na kituo cha basi. Kipande kilichoachwa, kile cha Burnenville, Masta na Stavelot, ni barabara ya kawaida. Wenyeji hukitumia kwenda sokoni na shuleni. Na chini ya Raidillon bado inaonekana alama ya njia iliyoelekea kushoto, kwenye nyumba ya forodha.