Kodi ya Kichwa: Miaka 105 ya Mzigo Mmoja kwa Mabega Yasiyolingana

Kodi ya kichwa ni kodi ambayo kila mtu mzima hutozwa kiasi kilekile cha fedha bila kuulizwa anapata nini kwa mwaka, na katika nchi ambayo leo inaitwa Tanzania Bara ilidumu, kwa majina tofauti na kwa kukatizwa kwa muda, tangu mwaka 1898 hadi mwaka 2003. Hapana kodi nyingine iliyobisha hodi katika nyumba nyingi za wakulima kiasi hicho, wala iliyochukiwa kwa muda mrefu hivyo, na kwa sababu hiyo historia yake ni mahali pazuri pa kulitazama swali ambalo wachumi hulijadili kwa takwimu na wananchi huliuliza kwa uchungu: kati ya mwenye nacho na asiye nacho, ni nani hasa anayeibeba serikali?

Kutoa mali kwa ajili ya utawala hakukuanza na wakoloni. Watawala wengi wa bara walipokea sehemu ya mavuno, pembe za ndovu na siku za kazi katika mashamba yao, na misafara ya wafanyabiashara iliyotoka pwani ililazimika kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, ili iruhusiwe kupita katika himaya zao. Inafaa kukumbukwa kwamba neno hilo, ambalo leo lina maana ya rushwa, lilitaja wakati ule malipo ya wazi yaliyojadiliwa hadharani, mara nyingi kwa siku kadhaa, baina ya mkuu wa msafara na wazee wa nchi. Malipo ya namna hiyo yalipanda na kushuka kulingana na ukubwa wa msafara na wingi wa bidhaa, na mtawala aliyepokea ushuru au mavuno alitazamiwa kufungua ghala lake wakati wa njaa.

Kodi ya nyumba iliyoletwa na serikali ya Wajerumani, ambayo ndiyo mwanzo wa kodi ya kichwa, ilikuwa kitu cha aina nyingine. Sheria yake ilitolewa mwaka 1897 chini ya Gavana Eduard von Liebert, ikaanza kutumika mwezi Aprili 1898, na iliitaka kila nyumba ya kijijini ilipe rupia 3 kwa mwaka, huku nyumba za mijini zikitozwa zaidi. Nyumba ilichaguliwa kuwa kipimo kwa sababu moja tu, kwamba ilionekana. Serikali changa, isiyokuwa na daftari la watu wala makarani wa kutosha, haikuweza kujua mkulima wa Uluguru au wa Usambara amevuna magunia mangapi, lakini akida au jumbe, waliokuwa wasimamizi wake wa ngazi ya chini, waliweza kupita kijijini na kuhesabu mapaa. Mwanamume mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alihesabiwa nyumba tatu, na ikatokea mahali pengi kwamba watu walianza kubanana chini ya paa moja ili kupunguza hesabu hiyo.

Rupia yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu. Ilikuwa sarafu ya fedha, upande mmoja ikiwa na kichwa cha Kaiser Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na katika matoleo ya mwanzo upande wa pili ulikuwa na simba na mnazi, nembo ya kampuni ya Kijerumani iliyoitangulia serikali. Mkulima wa bara hakuwa na njia nyingi za kuipata sarafu hiyo. Katika miaka ya mwanzo aliruhusiwa kulipa kwa nafaka, mifugo au kazi, na maboma, yaani vituo vya serikali, yakajikuta na marundo ya mtama ambayo maofisa walilazimika kuyatafutia wanunuzi, lakini kadiri miaka ilivyosonga serikali ilisisitiza fedha taslimu, kwa kuwa lengo la kodi halikuwa mapato peke yake: ilikusudiwa pia kumtoa mtu shambani kwake na kumpeleka katika kazi ya ujira au katika kilimo cha mazao ya kuuza. Mwaka 1904 rupia iligawanywa katika visehemu 100 vilivyoitwa heller, na kutoka katika jina hilo Watanzania wamebaki na neno hela, ambalo wanalitamka kila siku bila kukumbuka kwamba liliingia vinywani mwao pamoja na sarafu za utawala uliodai kodi.

Udhalimu wa kodi ya kiwango kimoja huonekana mara hesabu inapofanywa. Tuseme watu wawili wanatakiwa kulipa 12 kila mmoja, na wa kwanza anapata 60 kwa mwaka ilhali wa pili anapata 600. Wa kwanza anatoa sehemu moja ya tano ya kila alichonacho, na wa pili sehemu moja ya hamsini. Kodi ambayo hula sehemu kubwa zaidi ya kipato cha maskini kuliko ya tajiri ni kinyume cha kodi ya viwango vinavyopanda, ambayo huongeza sehemu inayotozwa kadiri kipato kinavyokuwa kikubwa. Serikali ya kikoloni iliijua tofauti hiyo vizuri, kwa sababu huko Prussia kodi ya mapato ya viwango vinavyopanda ilikuwa imeanzishwa mwaka 1891, miaka michache tu kabla ya maofisa wa nchi hiyohiyo kuanza kuhesabu mapaa ya nyasi Afrika Mashariki.

Mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba katika shamba walilolazimishwa kulima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Wanahistoria hawakubaliani juu ya uzito wa kila chanzo, na si sahihi kuviita vita vya kodi, kwa maana chuki dhidi ya kilimo cha lazima na dhidi ya ukatili wa maakida ilikuwa kubwa mno. Lakini kodi ndiyo iliyoyashikilia mengine yote, kwani pamba ililimwa kwa viboko na ujira wake haukutosha hata kulipia kile ambacho boma lilikuwa likikidai.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliirithi kodi hiyo na kuipanga upya kwa sheria ya mwaka 1922, ambayo ilitoza nyumba na pia wanaume wazima wasiokuwa na nyumba. Viwango vilitofautiana kutoka wilaya hadi wilaya, lakini ndani ya wilaya moja mwenye ng'ombe mia na mwenye jembe tupu walisimama katika mstari mmoja wakadaiwa kiasi kimoja. Aliyeshindwa kulipa aliweza kupelekwa kufanya kazi za umma, na maelfu ya vijana kutoka wilaya za mbali na reli, ambako hapakuwa na zao la kuuza, walifunga safari kwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Kodi ilikuwa sababu mojawapo kubwa ya safari hizo.

Ni huko Kenya, hata hivyo, ambako suala la nani asitozwe lilijitokeza bila kificho. Mnamo 1920 kodi ya Waafrika ilipandishwa hadi kiasi kilichokuwa sawa na shilingi 16, na mwaka uliofuata walowezi wakapunguza mishahara ya wafanyakazi wao kwa takriban theluthi moja. Mwanaharakati Harry Thuku aliyaunganisha malalamiko hayo katika mikutano yake, akakamatwa Machi 1922, na watu wasiopungua 21 wakauawa kwa risasi mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi walipokusanyika kudai aachiliwe. Kodi ilishushwa hadi shilingi 12. Katika miaka hiyohiyo serikali ilijaribu kuwatoza walowezi kodi ya mapato, wao wakaikataa, na badala ya risasi walipata walichokitaka: sheria iliondolewa mwaka 1922, pengo likazibwa zaidi kwa ushuru wa forodha, na kodi ya mapato haikurudi Kenya hadi mwaka 1937. Tanganyika iliipata mwaka 1940. Kwa miongo minne basi, mtu mwenye kipato kidogo kabisa katika nchi hiyo alidaiwa kodi ya moja kwa moja iliyomwelemea kuliko wote waliomzidi mali.

Ingetarajiwa kwamba wananchi wangeipokea kwa furaha kodi ya viwango vinavyopanda mara wangepewa, na ndiyo maana tukio la Upare linahitaji kuelezwa kwa kirefu. Mapema katika miaka ya 1940 utawala wa wilaya ya Pare, ukishirikiana na watawala wa jadi, ulianzisha kodi ya nyongeza juu ya ile ya kawaida, ukaamua kwamba kila mtu atakadiriwa kulingana na mali yake, na ukaipa kodi hiyo jina la mbiru, ambalo lilikuwa jina la malipo ya kale kwa watawala wa Upare. Katika karatasi mpango huo ulikuwa wa haki kuliko chochote kilichotangulia. Wapare waliukataa, na Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani hadi makao ya wilaya pale Same, wakapiga kambi huko na kukaa kwa miezi, wakisisitiza kwamba wako tayari kulipa kodi lakini kwa kiwango kimoja kinachojulikana na kila mtu.

Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyelichunguza tukio hilo na kulichapishia kitabu mwaka 1971, alionyesha kwamba walichokikataa watu hawa kilikuwa ukadiriaji. Mali ya mkulima wa mlimani, migomba, mifugo iliyowekwa kwa jamaa, shamba la kahawa linalozaa mwaka huu na kukataa mwaka ujao, haikupimika kwa urahisi, na walioteuliwa kuipima walikuwa watawala na watu wao, ambao waliweza kumpunguzia ndugu na kumwongezea hasimu. Tena makadirio yaliwaingiza wageni katika siri za nyumba. Wanawake wa Usangi, sehemu ya Upare, nao hawakukaa kimya: inasimuliwa kwamba walimkabili mkuu wa wilaya na kumwambia ama amalize mgogoro ili waume zao warudi majumbani, ama yeye mwenyewe awape ujauzito. Mbiru ilifutwa hatimaye, na kiwango kimoja kikarudi. Wakulima hao waliichagua kodi iliyowaumiza maskini miongoni mwao, kwa sababu ukubwa wake ulikuwa umeandikwa na hapana karani ambaye angeweza kuubadilisha kwa kalamu. Chaguo lao lilikuwa la busara kwa watu wasiokuwa na njia ya kumwondoa anayewakadiria.

Baada ya uhuru swali hilo lilirudi likiwa limevaa nguo nyingine. Serikali ya Mwalimu Nyerere, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, iliifuta kodi ya kichwa ya serikali za mitaa pamoja na ushuru wa mazao, na mwaka huohuo wa 1969 kodi ya mauzo ikaingizwa. Kodi ya mauzo ni kodi isiyo ya moja kwa moja, maana yake mnunuzi huilipa ndani ya bei ya bidhaa bila kudaiwa kwa jina lake. Haimfuati mtu porini, lakini humkuta dukani. Halmashauri zenyewe, yaani hizo serikali za mitaa, zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Halmashauri zilipofufuliwa kwa sheria za mwaka 1982 zilihitaji mapato, na kodi ya kichwa ikarejea ikiitwa kodi ya maendeleo, iliyodaiwa kwa watu wazima kuanzia umri wa miaka 18. Kile ambacho jina jipya halikukibadilisha ni namna ya kukusanya. Mgambo waliweka vizuizi barabarani, walivamia masoko siku za gulio, na walipita majumbani alfajiri kabla wanaume hawajatoka, na mtu asiyekuwa na stakabadhi mfukoni aliweza kushikwa akiwa njiani kwenda shambani. Karatasi hiyo ndogo, iliyokunjwa mara nne na kulowa jasho, ilitunzwa kwa uangalifu kuliko cheti chochote, kwa sababu ndiyo iliyomtofautisha mtu huru na mtu wa mahabusu ya kata.

Utafiti uliofanywa miaka ya 1990 na Odd-Helge Fjeldstad na Joseph Semboja uligundua kwamba uamuzi wa kulipa ulitegemea uwezo wa mtu, ukali wa adhabu na uwezekano wa kukamatwa, na kwamba kutoridhika na huduma za umma kuliongeza ukaidi. Mwaka 1998 wananchi wa Arumeru, katika miteremko ya Mlima Meru, waligoma kulipa na kutaka halmashauri yao ieleze fedha zilivyotumika. Dai lao lilifanana sana na lile la Same la miaka 53 kabla yake.

Kodi ya maendeleo ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2003, pamoja na kodi nyingine ndogondogo zilizoitwa za kero, na Uganda iliiacha kodi yake ya namna hiyo mwaka 2005. Kwa mkulima ilikuwa nafuu ya kweli, na hapana sababu ya kuidogosha. Hata hivyo halmashauri zikawa zinategemea zaidi ruzuku kutoka hazina kuu, ambayo hupata sehemu kubwa ya mapato yake kwenye manunuzi: Kodi ya Ongezeko la Thamani, iliyochukua nafasi ya kodi ya mauzo, ilianza Julai 1998 kwa kiwango cha asilimia 20 na kushushwa hadi asilimia 18 mwaka 2009. Vyakula vingi visivyosindikwa vimesamehewa, jambo linalomlinda maskini kwa kiasi fulani, lakini bidhaa nyingi za viwandani anazonunua hubeba asilimia ileile anayolipa tajiri.

Julai 2021 ilianzishwa tozo katika miamala ya fedha kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa, na malalamiko yakawa makubwa hata serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 katika miezi michache. Ilipanda kwa ngazi, na kwa hiyo ilionekana kuwa ya haki. Lakini ngazi hizo zilipima muamala, na hazikumpima aliyeufanya. Mfanyabiashara anayehamisha fedha za duka lake na kibarua aliyekopa kwa majirani ili amtumie mama yake fedha za hospitali, wakituma kiasi kimoja, walikatwa kiasi kimoja, kama walivyohesabiwa watu wa mwaka 1898 kwa mapaa ya nyumba zao.