Nauli ya Mzee Kirilo

Ndugu zetu, sisi tunaoshika hesabu za chama huulizwa kila mwaka: fungu la historia la nini, na shule hazina madawati ya kutosha?

Jibu liko Ngarenanyuki. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha wazee wetu kwa nguvu, takriban watu 3,000. Nyumba zikachomwa, ardhi wakaandaliwa walowezi. Wameru wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa, akishirikiana na wakili Earle Seaton. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini Tanganyika nzima ilisikia.

Wawili hao walichapisha kitabu cha kesi hiyo mwaka 1967, kwa Kiingereza. Je, waliotoa nauli? Mhasibu lazima aulize. Aliyekuwa na miaka kumi wakati wa kuhamishwa, leo amepita themanini.

Tunaomba fedha za kinasa sauti, za nauli ya vijana watakaowafuata wazee vijijini, na za kunakili daftari lolote lililobaki sandukuni. Stakabadhi itatolewa kwa kila mchango, hata wa shilingi elfu moja.