Lupango, ukuta na karatasi: kanuni za kujenga mu Lubumbashi zilitoka wapi



Wengi wetu tukirudi Lubumbashi, kutoka Zambia, Angola ao Afrika ya Kusini, tunakuta lupango ya baba imekuwa ndogo. Mbele kuna nyumba ya kaka mkubwa, nyuma aneksi ya mpangaji, pembeni ukuta mpya wa mtu aliyeuziwa nusu. Nafasi iliyobaki haitoshi hata vyumba viwili. Ndipo maneno yanaanza: nani aliuza, kwa ruhusa ya nani, na nani iko na karatasi?

Katika kazi yangu ya kutembelea familia, ulizo hili nalisikia ku Katuba, ku Kenya na ku Ruashi. Jibu lake liko mu sheria, lakini sheria yenyewe haieleweki vizuri kama hatujui ilitoka wapi.

Mji uliopimwa kwa mbu

Mji ulianzishwa 1910 kwa jina la Elisabethville, mwaka ule ule reli ya kutoka Rhodesia ilipofika. Mwaka uliofuata, Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba. Wazungu walichora barabara zilizonyooka na malupango makubwa. Nyuma ya kila nyumba kilijengwa chumba kidogo cha boi, kile tunaita mpaka leo boyeri. Wafanyakazi wa Union Minière walikaa mu kampi ya kampuni. Waafrika wengine walipangiwa mahali pao, mu cité.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, cité ilisogezwa upande wa kusini, ikaitwa Cité Albert. Njo Kamalondo ya leo. Kati yake na mji wa Wazungu ukaachwa ukanda mtupu wa mita 500 na zaidi, zone neutre. Sababu iliyotolewa ni afya: walisema mbu wa malaria hawezi kuruka mbali hivyo. Lakini boi alilala mu boyeri, hatua chache tu kutoka kitanda cha bwana wake, na mbu yule hakuhesabiwa. Kumbe kilichopimwa kwa mita hakikuwa mbu.

Hatukuwa peke yetu. Ku Dakar, Wafaransa walianzisha Médina 1914, baada ya tauni, kuhamishia Waafrika huko. Ku Nairobi, daktari Simpson alishauri 1913 mji ugawanywe kwa rangi. Kila mahali neno lilikuwa afya, na matokeo yalikuwa yale yale: mji wenye nafasi kubwa kwa wachache, na mji wa kubanana kwa wengi.

Kitabu cha kukaa, si cha kumiliki

Baada ya vita ya pili ya dunia, watu waliongezeka sana. Katuba ikapanuka miaka ya 1950, watu wakijenga kwa mkopo wa Fonds d'Avance. Ku Ruashi ilijenga Office des Cités Africaines, shirika la Leta lililoundwa 1952. Wazee wetu wengi walipata nyumba yao ya kwanza ya matofali kwa njia hizo.

Lakini walipewa karatasi gani? Wengi walipewa livret de logeur. Ni kitabu kinachoonyesha kwamba mtu fulani anakaa mu lupango fulani. Hakisemi kwamba lupango ni mali yake. Amri ya tarehe 10 Februari 1953 ilifungulia Waafrika wa mijini njia ya kumiliki, ila kitabu ndicho kilichobaki mkononi mwa familia nyingi. Leo bado tunakiona ndani ya sanduku la bibi, kimefungwa vizuri mu kitambaa, na watoto wanakitegemea kama vile ni sertifika.

Tarehe 20 Juni 1957 ikatoka amri juu ya mipango ya miji: ramani ya jumla ya mji, na ruhusa ya kujenga kabla ya kuweka tofali la kwanza. Wabelgiji waliondoka miaka 3 baadaye. Amri ile ilibaki msingi wa kazi ya Urbanisme kwa miaka mingi sana nyuma ya uhuru. Kwa hiyo, mtu anaposimamishwa leo kwa sababu hana ruhusa ya kujenga, asifikiri ni mchezo wa juzi wa kutafuta makuta. Makuta ya njiani yapo, tunajua sote. Lakini kanuni ni ya zamani, na iko na maana.

Udongo ni wa Leta

Mwaka 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi, na mwaka ule ule sheria ya Bakajika ikarudishia Leta udongo wote. Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo ndiyo inatuhukumu mpaka sasa. Inasema udongo ni mali ya Leta, haiuzwi. Raia anapata konsesio tu, na kama ni Mukongomani inaweza kuwa ya daima. Nyumba iliyo juu ya udongo inakuwa yako kisheria pale inapoandikwa mu sertifika, ile certificat d'enregistrement inayotolewa na Konservateri. Livret de logeur, fishi ya lupango, karatasi ya shefu wa kartie: hizi ni ushahidi kwamba ulikaa, zinasaidia kuanza njia. Hazimalizi njia.

Iko jambo moja mu sheria hii ambalo kila mtu aliyekaa ugenini anapaswa kulishika. Sertifika ikihamishwa kwa jina la mtu mwingine, miaka 2 ikipita hauwezi tena kuivunja. Utabaki na haki ya kudai fidia tu. Mtu aliyekaa miaka 10 Zambia anaweza kurudi na kukuta muda umekwisha zamani. Ndiyo maana tunasema: ukifika, kabla ya kugombana na yule aliye ndani ya nyumba, nenda kwanza ku Konservateri uulize lupango iko kwa jina la nani, na tangu lini.

Ukuta haugawanyi lupango

Sasa tuje ku ile nusu iliyouzwa. Mu mji wetu watu wanapandisha ukuta katikati, wanaandika karatasi mbele ya shefu wa kartie, basi, wanasema lupango ni mbili. Mbele ya sheria bado ni moja. Kugawanya kunaombwa; mpimaji wa Kadastre anakuja kupima na kuweka mipaka; mauzo yanaandikwa mbele ya notere; sertifika ya zamani inafutwa, zinatoka mpya. Na kama baba alikufa, kaka hawezi kuuza peke yake: Kodi ya Familia ya 1987 inaweka watoto wote, wasichana na wavulana, kuwa warithi wa kwanza.

Wengine wanauliza: mbona Leta inatukataza kubanana wakati hatuna pengine pa kwenda? Ulizo ni la haki. Kanuni zilichorwa kwa mji wa watu wachache, na wengi wetu hatukuwa mu hesabu. Lakini tazama lupango iliyokatwa vipande vinne: choo cha huyu kinachimbwa karibu na kisima cha yule. Mvua ikinyesha, kipindupindu kinajua njia. Zamani afya ilikuwa kisingizio cha kutenga watu. Leo, umbali kati ya choo na kisima ni afya ya kweli ya watoto wetu.

Tufanye nini

Kwanza, kila familia itafute karatasi zote za lupango na kutoa kopi. Pili, aende mtu mmoja aliyetumwa na wote ku Konservateri kuuliza. Tatu, kama mzee alikufa, urithi upangwe kwa maandishi kabla ya kugusa tofali. Nne, asilipe mtu nusu ya lupango mbele ya mpimaji kufika. Tano, ruhusa ya kujenga iombwe, hata kwa aneksi.

Njia hii ni ndefu na inakula makuta. Marafiki wanaotusaidia wanauliza mara nyingi msaada wao ungefaa wapi. Mabati na simenti vinaonekana haraka mu picha, na vinahitajika. Lakini nyumba iliyojengwa juu ya lupango isiyo na sertifika inaweza kupotea na mabati yake yote. Kulipia upimaji na notere kwa familia moja ni kuwalinda watoto na wajukuu wake.

Wazee wetu walipewa kitabu cha kukaa. Sisi tuwaachie watoto sertifika.